Pale Mama Yako Aliposimamisha

Mwanangu Sikudhani,

Barua huanza kwa kumwuliza mtu hali, kisha mwandishi anasema yeye hajambo, hofu ni kwako uliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Uko nyuma ya ukuta huu na nakusikia unavyohangaika na zipu ya begi lile kubwa: unaifunga, unaifungua, unatoa kitu, unaifunga tena. Na mimi sitasema sijambo. Tumekaa nyumba moja muda mrefu mno kwa mimi kuanza kukudanganya kwa maandishi.

Ya safari ameshakwambia yote shangazi yako. Chakula gani usinunue njiani, hela uzifiche wapi, mwenye nyumba wa huko Mpanda umwamkie vipi, na shuleni ujihadhari na walimu gani. Sijui amewajuaje walimu wa shule ambayo hata wewe hujaiona. Mimi sina la kuongeza hapo. Alfajiri tutatoka hapa Chang'ombe kwenda stendi ya Mbezi Luis, na najijua: nitabeba begi, nitagombana na mwenye bajaji, nitakuuliza kama umechukua chaja, halafu nitakupa mkono kama mtu anayeagana na mpangaji. Ndivyo nilivyo. Kwa hiyo nimekaa kuandika.

Nimekaa sebuleni. Naliandika hilo kwa sababu wewe unajua maana yake.

Shangazi yako anasema serikali imekupangia mbali na ajira ni ajira, mtu hachagui. Mimi nilikuwepo ulipotakiwa kutaja mikoa unayoitaka. Nilikuona ukitafuta kwenye ramani ya simu, kidole kinapita Morogoro, kinapita Dodoma, kinapita Tabora, hakisimami. Sikukuuliza. Nilielewa unachotafuta ni mahali ambapo mimi siwezi kukufuata kwa urahisi, na sikulaumu. Ningekuwa wewe ningevuka hata ziwa.

Sijui kama unazikumbuka vizuri enzi za dishi. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo, na mama yako bado anauza vitumbua hapo nje asubuhi. Kufunga dishi ni kazi ya watu wawili: mmoja juu ya bati anazungusha, mwingine chini mbele ya televisheni anasema kinachoonekana. Mafundi wenzangu walikuwa wanachukua vijana wa kijiweni. Mimi nilikuchukua wewe, kila Jumamosi, na mama yako akilalamika kwamba nakugeuza mtoto wa kiume. Ulikuwa unasimama sebuleni kwa watu, viatu umevua mlangoni kwa adabu, halafu unapiga kelele dirishani.

"Bado, baba. Bado. Bado. Hapo hapo! Aa, umepita, rudi."

Sauti yako ilikuwa inatoboa bati. Wenye nyumba wanacheka, wengine wanakupa soda. Tulikwenda mpaka Bunju, huko watu walikuwa wanajenga na kuhamia hivyo hivyo, dishi linapanda kabla ya plasta. Mara moja tulifunga kwenye nyumba isiyo na hata dirisha moja, kuna matundu tu, na wewe ukatoa kichwa tunduni ukaniambia nimepita, nirudi, na mwenye nyumba akasema huyu ndiye fundi, wewe mzee ni kibarua wake. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Sikumbuki kama niliwahi kuonyesha.

Ukaniuliza njiani kwa nini king'amuzi kinaitwa king'amuzi. Nikakwambia ni kwa sababu kinang'amua. Mawimbi yanapita hewani juu ya vichwa vya watu wote, hayaonekani wala hayasikiki, na kile kisanduku kinayatambua na kuyageuza picha. Ukafikiri kidogo, ukasema basi baba wewe ndiye king'amuzi. Nilitembea na sifa hiyo miaka mingi sana, mwanangu. Niliiamini.

Halafu kazi ikaanza kukauka. Hilo uliliona, ulikuwa chuo tayari. Watu wakaanza kuangalia mambo yao kwenye simu, wengine wakavuta intaneti nyumbani, simu yangu ikawa inalia kwa ajili ya kukwangua kutu tu. Nilikuwa naondoka asubuhi na begi la spana kama mtu mwenye miadi, nakwenda kukaa kijiweni karibu na gereji, narudi jioni na uchovu wa kukaa. Mama yako alikuwa anajua. Hakuuliza hata siku moja leo umefunga mangapi. Alikuwa ananimenyea chungwa.

Alipoanza kuvimba miguu tulidhani ni kule kusimama kwenye jiko. Hospitali wakasema moyo umetanuka. Baada ya hapo hakuweza tena kulala chali. Akilala pumzi zinampotea. Tukampangia mito kwenye kochi, hapa hapa nilipo, na pakawa ndio kitanda chake, mahali pake pa kulia na pa kuswalia kwa kukaa. Dunia yake yote ikawa sebule hii na televisheni ile. Na katika televisheni alikuwa na kitu kimoja tu alichokipenda, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya watoto wawili waliobadilishwa hospitali siku ya kuzaliwa. Wewe unaijua kuliko mimi.

Lakini vidonge vilikuwa vinamlaza. Ikifika saa yake amesinzia, anashtuka imekwisha, nyimbo za mwisho zinapiga. Ananiuliza leo ilikuwaje. Namwambia sikuangalia kwa makini. Na kweli sikuwa naangalia. Mimi nilikuwa naangalia kama picha inakatika. Picha ilikuwa safi, mawimbi yamejaa, na kwangu mimi fundi kazi ilikuwa imekwisha hapo. Mwanamke analala ubavuni mwangu akikosa kitu kimoja alichobakiwa nacho kwa siku, na mimi naona picha ni safi.

Wewe uliona. Ulikuwa umerudi nyumbani kusubiri ajira, unatengeneza kompyuta za watu pale Kariakoo, na nadhani ilikuchukua wiki moja tu kuona. Ukaja na ile kompyuta nyeusi ya ofisini, kuukuu, ukajifungia nayo chumbani siku kadhaa, ukaitia diski kubwa, ukaiunga na televisheni kwa waya mmoja. Ukaijaza tamthilia yote tangu sehemu ya kwanza, na mawaidha, na taarabu za zamani, na zile muvi zilizotafsiriwa ambazo mtafsiri anaongea kuliko wahusika. Ukamwekea mama yako mapajani kibodi ndogo isiyo na waya. Akitaka inasimama, akitaka inaendelea, akisinzia inamsubiri.

Inamsubiri. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote, na ulitaka kunieleza, na sikukupa nafasi.

Maana nilivyorudi jioni ile na begi langu la spana, kitu cha kwanza kukiona ni king'amuzi changu ndani ya boksi la sabuni kando ya mlango. Waya zake umezikunja vizuri, umezifunga mpira. Ungekitupa uani ningekasirika kidogo tu. Kule kuzikunja vizuri ndiko kulikonimaliza, kama nguo za marehemu zinazosubiri wa kuzichukua. Nikauliza nani kafanya hivi. Mama Shani jirani alikuwepo, amekuja kumwona mgonjwa, na wewe ukatoka jikoni unafuta mikono, huna hata habari kama kuna ugomvi.

"Baba, hiki hatukihitaji tena."

Ndivyo ulivyosema. Mama yako alinihakikishia baadaye, na Mama Shani naye, na mimi mwenyewe nikitulia nakusikia wazi kabisa ukisema hivyo. Lakini wakati ule sikio langu lilisikia hatukuhitaji tena. Herufi moja. Nilikuwa nimetoka kushinda kijiweni siku nzima pasipo mtu hata mmoja wa kunihitaji, na sikio likachukua lilichokuwa limeshajiandaa kukisikia. Sikuuliza umesemaje. Mtu aliyepanda juu ya mabati ya watu nusu ya Temeke, anayejua kwamba ukikosea kidogo tu unapata chaneli ya nchi nyingine, hakuuliza.

Nikaapa. Unayakumbuka maneno, siwezi kuyapamba. Nilisema, "Wallahi, hicho kidude chako kikiwa kinawaka, mie siketi sebule hii." Tena mbele ya Mama Shani, ili iwe na shahidi.

Usiku huo mama yako aliniita. Aliongea polepole, unajua alivyokuwa akikata maneno kwa ajili ya pumzi. Akasema, umeapa kwa hasira, mume wangu, na hasira si kitu cha kushikilia. Toa kafara. Lisha masikini kumi, na kama hatuna, funga siku tatu, yaishe, uje ukae. Akasema daku ataniamsha yeye mwenyewe, kwa kuwa usingizi wa usiku hana. Nikamwambia kiapo ni kiapo. Mimi, niliyekuwa nachelewa Ijumaa mpaka imamu akanizoea, ghafla nikawa mcha Mungu mkubwa wa viapo. Nilijificha nyuma ya dini ambayo mlango wake ulikuwa wazi, na yeye ndiye aliyenionyesha mlango.

Siku tatu tu za kufunga, Siku. Nimefunga Ramadhani zangu zote tangu nilipobaleghe.

Nikaanza kwenda kuangalia televisheni kwenye kibanda umiza cha Chande. Jina la mahali lenyewe linakwambia unachokwenda kupata: ubao mwembamba wa kukalia, joto, mabati ya pembeni, vijana wanarukaruka mpira ukiingia. Lile dishi lililo juu ya kibanda nilikuwa nimelifunga mimi. Chande kwa heshima akanitolea kiti cha plastiki na kukiweka mbele kabisa, na hilo likawa baya zaidi, kwa sababu kila aliyeingia aliniona. "Shikamoo mzee, kwako vipi, dishi limeanguka?" Wanacheka. Nami nilikuwa na jibu langu, nililirudia mpaka likanoga: nawaambia nyumbani kuna mgonjwa, namwachia utulivu. Nilichukua maradhi ya mama yako nikayafanya kitambulisho cha kukalia kile kiti.

Nimeangalia mechi ambazo sijui hata timu zinatoka nchi gani. Nimeangalia matangazo. Nimeangalia muvi za watu wanaopigana juu ya treni, mtafsiri anapiga kelele mpaka kichwa kinauma, huku nyumbani kwangu, mwendo wa kuvuta sigara moja, kulikuwa na kochi lenye nafasi upande wa kushoto. Hakukaa mtu pale. Mama Shani akija anakaa kwenye kigoda. Nilikuwa naikuta nafasi ile asubuhi, mto umepangwa vizuri, na nilikuwa najifanya sielewi ni ya nani.

Nije kwenye lile ambalo sisi wawili hatujawahi kulisema.

Ile siku ya mvua kubwa, kibanda cha Chande kilivuja juu ya televisheni, akatutoa mapema. Nikarudi. Nikavua makubazi mlangoni, nikaingia koridoni. Mlango wa sebule ulikuwa umerudishwa nusu na mwanga wa televisheni unacheza ukutani. Nikasikia sauti ya mama yako.

"Simamisha hapo, Siku. Baba yako akija aione hii."

Ukamwambia kwamba baba haji, kila siku mnasimamisha na kila siku haji. Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"We simamisha tu," akasema. "Si ulisema inasubiri? Basi na isubiri."

Ikawa kimya. Nikajua imesimama. Mwanga ukutani ukaacha kucheza. Nilikuwa umbali wa kunyoosha mkono na kusukuma mlango. Kiapo nilikuwa nimeshakisahau, nakwambia kweli. Haikuwa kiapo tena. Ilikuwa aibu. Nilijiuliza nikiingia nitasema nini, nitaanzaje kukaa, mikono nitaiweka wapi. Nikawaza nitaingia kesho, mchana, kwa namna ambayo haitaonekana kama nimeingia. Nikageuka. Nikachukua makubazi yangu mkononi nisije nikapiga kelele, na hapo ukatoka sebuleni na ndoo ya kwenda kukingia mvua, ukaniona. Mgongo wangu, maji yananitiririka, makubazi mkononi kama mwizi wa msikitini.

Uliniona. Na najua hukumwambia, kwa sababu aliendelea kusimamisha.

Nilirudi kukaa chini ya kibati cha Chande palipokwisha fungwa, mpaka nilipokadiria kwamba umemlaza. Kesho yake sikuingia, wala mchana. Nafasi kama ile ilirudi mara nyingi, na kila ikirudi ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu sasa kulikuwa na zile zilizopita za kuelezea. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa mlango wa chumba chake mwenyewe. Ungeniambia wakati ule, ningekwambia unatia chumvi.

Tulipompeleka hospitali mara ya mwisho nilikaa naye. Hilo huwezi kuninyima, nilikaa, sikutoka hata kwenda kula. Wodini hapakuwa na televisheni. Hapakuwa na kitu cha kuapia. Tuliongea habari ndogo ndogo, za mwenye duka aliyefungua karibu na kisima, za Mama Shani na kuku wake. Usiku wa pili akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia akitaka kuniomba nimletee kitu cha dukani.

"Nimekusimamishia," akasema. "Pale pazuri."

Nikamwambia nitaangalia. Akasema tukirudi. Nikasema tukirudi. Akafumba macho, na nikadhani amepata usingizi, nikafurahi kwamba amelala.

Alirudi. Tulimleta hapa kuoshwa, unakumbuka, makochi yote yametolewa uani, sebule tupu kama nyumba ya Bunju. Kuna mtu alikuwa ameifunika televisheni na kompyuta yako kwa kanga mbili za mama yako. Watu walisema nimejikaza. Walisema mzee ni mwanamume kweli. Mimi nilikuwa naangalia ile kanga, nawaza nyuma yake kuna kitu kimesimama kinanisubiri na sijui hata kinawashwaje.

Siku ya arobaini yake, watu walipokula hitima, nilihesabu moyoni masikini kumi wa kwanza kupewa sahani nikawafanya ndio kafara yangu. Sikumwuliza sheikh kama inafaa. Niliogopa ataniuliza kiapo kilikuwa cha nini. Tangu siku hiyo nina ruhusa ya kukaa sebuleni huku hicho kitu kinawaka, na tangu siku hiyo hakikuwaka mpaka jioni hii. Wewe ukawa unaishi chumbani. Unanipikia, unanifulia kanzu, unanijibu ndiyo baba, hapana baba, hukunikosea adabu hata siku moja. Nilitamani unikosee. Nilitamani uvunje sahani. Hasira yako ni kama yangu, Siku, inaingia ndani na kufunga mlango, na nikiiona kwako natishika kuliko nilivyowahi kutishika kwa ajili yangu.

Mzazi anaandika barua kama hii ili taabu yake imfae mwanawe. Nimejaribu kutafuta yangu itakufaa nini. Nimetafuta tangu magharibi. Ningeweza kukwambia usiape, lakini wewe huapi. Ningeweza kukwambia usikilize vizuri, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukisikiliza nyumba nzima. Labda moja tu. Huko uendako utagombana na watu, na mwenzako wa nyumba siku ukimpata utagombana naye zaidi. Gombana naye mkiwa mmekaa chumba kimoja. Kasirika, nuna, mgeuzie mgongo, lakini ukae. Ukitoka tu, hata kwa haki yako, unaanza kuzoea kiti cha nje, na kiti cha nje kina watu wa kukupa heshima. Hilo nalijua vizuri. Silijui jingine.

Wala sikuombi msamaha. Si kwa kiburi, kiburi kimekwisha. Ni kwamba wewe siye uliyekuwa ukisubiri kochini. Mwenye haki ya kunisamehe alinisamehe kila usiku kwa kubonyeza kitufe, na mimi nikawa kwa Chande.

Sasa nikwambie nilichofanya leo. Alhamisi ulinifundisha kuiwasha. Ulinifundisha bila kunitazama, umeweka tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye kitufe cha kuwashia na tone jingine kwenye kile cha kukubali, ukasema nikifungua tamthilia itaniuliza kama niendelee ilipoishia au nianze mwanzo. "Chagua tu," ukaniambia, ukaenda kuanua nguo. Nilikuuliza nikiwa mlangoni, nikianza mwanzo halafu nikataka kurudi pale pa zamani? Ukasema haikumbuki mahali pawili. Inakumbuka pa mwisho tu.

Jioni hii ulipokwenda kuagana na Mama Shani, niliondoa kanga. Nikakaa kochini upande wa kushoto. Nikabonyeza tone la kwanza, ikawaka, ikahema kule kuhema kwake ambako mama yako alikuwa akisema kunamwiga. Nikaifungua. Pana picha ya mwanamke amesimama mbele ya mlango, mkono uko kwenye kitasa. Siwezi kujua anataka kuingia au anatoka. Simjui jina. Sijui ni yupi kati ya wale watoto wawili, au ni mama wa nani, na kwa nini hapo pawe ndipo pazuri. Juu ya picha pana lile swali.

Nikiendelea, nitaingia katikati ya watu nisiowajua, na wa kunieleza hayupo. Nikianza mwanzo, nitapafuta pale alipopaacha. Nilikaa na kidole juu ya tone jekundu mpaka niliposikia geti, na wewe ukapita koridoni ukaenda chumbani kwako. Najua uliuona mwanga ukutani. Ulisimama kidogo. Halafu nikasikia zipu.

Zamani ungenipigia kelele dirishani kwamba nimepita, nirudi. Na dishi lilikuwa linarudi. Unalegeza nati, unasukuma kidogo tu, kama upana wa kucha, na picha inakuja kama haikuwahi kupotea. Nilidhani vitu vyote viko hivyo. Kazi ile ilinidekeza.

Barua hii naitia kwenye mfuko wa mbele wa begi, pamoja na chaja, kwa hiyo asubuhi nikikuuliza kama umechukua chaja ujue naulizia kitu kingine. Usiifungue ndani ya basi, watu wa basi wanachungulia. Ukifika Mpanda, piga simu. Ukiwa huna la kusema, piga unyamaze, nitakujua kwa kunyamaza. Wala usihesabu saa, usiseme baba atakuwa amelala au baba ana shughuli. Mwanga wa sebule sijauzima, na lile swali bado liko pale pale juu ya picha. Piga saa yoyote, mwanangu. Hutanikatiza kitu. Hapa kimesimama.

Baba yako